Karch Kiraly

Charles Frederick Kiraly, anayejulikana zaidi kwa jina la Karch (amezaliwa Jackson, Michigan, 3 Novemba 1960), ni kocha na mchezaji wa zamani wa mpira wa wavu kutoka Marekani. Alitwaa medali tatu za dhahabu za Olimpiki: mbili akiwa na timu ya taifa ya ukumbini, Los Angeles 1984 na Seoul 1988, na ya tatu katika voliboli ya ufukweni, Atlanta 1996. Timu ya wanawake aliyoifundisha ilishinda dhahabu pia katika michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021, ingawa siku hiyo yeye mwenyewe hakuvishwa kitu, kwa kuwa Olimpiki haitoi medali kwa makocha.

Asili na ujana

Baba yake, Laszlo Kiraly, alichezea timu ya vijana ya Hungaria kabla ya kuikimbia nchi yake baada ya mapinduzi ya 1956 kuzimwa na majeshi ya Kisovieti. Huko Marekani alisomea udaktari, na hatimaye familia ikahamia Santa Barbara, mji wa pwani ya California. Baba ndiye aliyemtia mwana mpira mkononi, Karch akiwa na umri wa miaka sita. Alipofika miaka kumi na mmoja walijiandikisha pamoja katika mashindano ya ufukweni, baba na mwana upande mmoja wa wavu, wakipambana na watu wazima.

Malezi hayo ya mchangani yanaeleza mengi yaliyofuata. Ukumbini timu ina watu sita, na kila mmoja anaweza kujificha nyuma ya kazi anayoimudu: mrefu akazuia kwenye wavu, mwenye nguvu akapiga, mwenye mikono laini akapanga. Ufukweni wapo wawili tu. Hakuna wa kubadilishana naye, jua linawaka, upepo unausukuma mpira, na mpinzani akigundua kwamba mmoja wenu hajui kupokea atamwandama yeye tu hadi mechi iishe. Mtoto aliyekulia katika hali hiyo hujifunza kila kitu kwa lazima. Kiraly, kwa urefu wa mita 1.88, hakuwa mrefu kwa kipimo cha wachezaji wa wavu wa kimataifa, wala hakuwa mpigaji mwenye nguvu kuliko wote wa zama zake. Alichokuwa nacho ni kutokuwa na upungufu.

Chuo kikuu

Alichezea Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA), chini ya kocha Al Scates. Katika misimu yake minne timu ilishinda mechi 123 na kupoteza tano tu, ikatwaa ubingwa wa vyuo vikuu vya Marekani mara tatu (1979, 1981 na 1982). Misimu miwili kati ya hiyo, 1979 na 1982, ilimalizika bila kufungwa hata mechi moja. Mwenzake wa mwanzo katika timu hiyo alikuwa Sinjin Smith, na ufukweni vilevile walicheza pamoja. Jina hilo litarudi. Kiraly alihitimu mwaka 1983 kwa shahada ya biokemia.

Timu ya taifa na mapokezi ya watu wawili

Alipoitwa timu ya taifa mwaka 1981, Marekani haikuwa lolote katika mpira wa wavu duniani, licha ya kwamba mchezo wenyewe ulibuniwa huko, Holyoke, Massachusetts, mwaka 1895. Timu ya wanaume ilikuwa haijafuzu Olimpiki tangu 1968. Kocha Doug Beal aliihamishia kambi San Diego, karibu na fukwe ambako vipaji vilikuwa vimejaa, akadai wachezaji wakae kambini mwaka mzima. Mapema 1983 aliwapeleka katika nyika ya Utah, wakatembea kwenye theluji kwa wiki tatu na mizigo mgongoni. Si wote walioifurahia safari hiyo.

Jambo kubwa zaidi la Beal lakini halikuwa theluji. Ilikuwa namna ya kupokea mpira, na hapa inafaa kueleza kanuni za wakati ule. Timu ilipata pointi pale tu ilipokuwa yenyewe imeanzisha mpira. Iliyopokea na kushinda mchezo huo haikupata pointi. Ilipata haki ya kuanzisha. Kwa hiyo timu yenye mapokezi imara ilikuwa vigumu kuifunga: mpinzani angeweza kuanzisha mara kumi asiambulie kitu. Desturi ilikuwa kuwapanga wachezaji wanne au watano katika mapokezi, kila mmoja na eneo lake dogo. Ubaya wake ni kwamba mpinzani huchagua wa kumpelekea, na bila shaka humchagua aliye dhaifu.

Beal akawaondoa dhaifu wote. Aliacha uwanja mzima, upana wa mita tisa, mikononi mwa watu wawili, Kiraly na Aldis Berzins, wengine wakasogea pembeni kujiandaa kushambulia. Kwa watu wa enzi zile mpango huo ulionekana kama wazimu, kwani nafasi tupu zilikuwa kubwa mno. Lakini kwa aliyezoea kulinda nusu ya kiwanja mchangani, miguu ikizama, sakafu ya mbao ni starehe. Mpira ulimfikia seta Dusty Dvorak pale alipoutaka, naye akawa na washambuliaji walio huru kabisa, akiwemo Steve Timmons, aliyeruka na kupiga kutoka mstari wa nyuma. Karibu kila timu kubwa ilikuja kuuiga mpango huo kwa namna yake. Walinzi maalumu wa mapokezi wanaojulikana kama libero, walioingizwa katika kanuni mwaka 1998, wanafanya kazi ambayo Kiraly aliifanya huku akibaki mshambuliaji wa kutegemewa.

Katika michezo ya 1984 Kiraly, mwenye miaka 23, alikuwa kijana kuliko wote kikosini. Marekani ilifungwa na Brazil seti 3–0 katika hatua ya makundi. Zilipokutana tena kwenye fainali, Long Beach, Marekani ilishinda 15–6, 15–6, 15–7. Wabrazil hao ndio waliokuwa wameushtua ulimwengu kwa kuanzisha mpira kwa kuruka, silaha ambayo leo kila mwanafunzi wa sekondari huijaribu. Mbele ya wapokeaji wawili wale siku ya fainali haikufua dafu.

Medali hiyo ilitiliwa shaka, na si bila sababu. Umoja wa Kisovieti, bingwa wa dunia na wa Olimpiki iliyotangulia, ulikuwa umesusia michezo ya Los Angeles. Jibu lilikuja kidogo kidogo. Mwaka 1985 Marekani ilitwaa Kombe la Dunia huko Japani. Mwaka 1986, Paris, ilitwaa ubingwa wa dunia kwa kuwafunga Wasovieti wenyewe katika fainali, na mwaka 1987 ikaongeza dhahabu ya Michezo ya Bara la Amerika. Seoul 1988, chini ya kocha Marv Dunphy na Kiraly akiwa nahodha, fainali ilikuwa tena dhidi ya Wasovieti. Marekani ilipoteza seti ya kwanza 13–15, kisha ikachukua tatu mfululizo: 15–10, 15–4, 15–8. Baada ya hapo hakukuwa na wa kuuliza habari za kususia. Shirikisho la kimataifa (FIVB) lilimtangaza Kiraly kuwa mchezaji bora wa dunia mwaka 1986 na tena 1988.

Ravenna

Aliiacha timu ya taifa mwaka 1989, na kati ya 1990 na 1992 akaichezea klabu ya Ravenna nchini Italia pamoja na Timmons. Ligi ya Italia wakati huo ilikuwa inakusanya nyota wa dunia nzima. Ravenna ilishinda ligi na Kombe la Italia mwaka 1991, ubingwa wa klabu za dunia mwaka huohuo, na Kombe la Mabingwa wa Ulaya mwaka 1992. Ni misimu miwili tu, lakini iliyojaa vikombe.

Ufukweni

Kuanzia 1992 aligeukia mchanga moja kwa moja. Huko Marekani mashindano ya kulipwa ya ufukweni yalikuwa yanaendeshwa na chama cha wachezaji, AVP, na yalikuwa na fedha na watazamaji. Kiraly, na kofia yake ya waridi iliyomtambulisha hata kwa aliyekaa mbali jukwaani, aliungana na Kent Steffes, na kwa miaka kadhaa wawili hao walikuwa vigumu kufungika.

Voliboli ya ufukweni ilipoingizwa Olimpiki kwa mara ya kwanza, Atlanta 1996, mgogoro ulizuka juu ya nani aiwakilishe Marekani. FIVB ilitaka timu zipatikane kupitia mashindano yake ya kimataifa, ambayo wachezaji wengi wa AVP hawakuyashiriki. Suluhu iliyofikiwa ilikuwa kuacha nafasi moja kwa njia ya FIVB na mbili kwa mchujo wa ndani. Nafasi ile ya FIVB ilikwenda kwa Sinjin Smith, mwenzake Kiraly wa zamani, akicheza na Carl Henkel; Kiraly na Steffes walipita kwenye mchujo. Ratiba ikawakutanisha katika robo fainali. Smith na mwenzake, ambao wenyeji wengi hawakuwapa nafasi, waliongoza kwa muda mrefu na kukaribia kabisa kushinda. Kiraly na Steffes walinusurika 17–15. Anayetaka kuona mechi moja tu ya ufukweni ya miaka ya 1990 basi atafute hiyo, wala si fainali, ambamo Kiraly na Steffes waliwamaliza Wamarekani wenzao Mike Dodd na Mike Whitmarsh bila jasho kubwa, 12–5 na 12–8.

Jaribio la kufika Sydney 2000, akiwa na Adam Johnson, halikufanikiwa. Mwaka 2001 kiwanja cha ufukweni kilipunguzwa kutoka mita 18 kwa 9 hadi 16 kwa 8, na kila mchezo ukaanza kuhesabiwa pointi bila kujali nani ameanzisha. Mabadiliko hayo yaliwapendelea warefu, kwani eneo la kukimbilia mpira lilipungua na ukuta wa mikono kwenye wavu ukawa na uzito zaidi. Mchezaji wa umri wake, aliyetegemea miguu na akili, angeweza kuaga kwa heshima. Hakuaga. Agosti 2005, akiwa na miaka 44, alishinda mashindano ya Huntington Beach pamoja na Mike Lambert. Alistaafu 2007 akiwa na ushindi wa mashindano 148 ya kulipwa na zaidi ya dola milioni tatu za zawadi.

Ukocha

Mwaka 2008 alikuwa mtangazaji wa televisheni katika Olimpiki ya Beijing. Mwaka uliofuata alijiunga na timu ya taifa ya wanawake ya Marekani kama msaidizi wa Hugh McCutcheon, na baada ya medali ya fedha ya London 2012 akakabidhiwa usukani. Wachezaji maarufu wengi hushindwa hapa, kwa kuwa hawajui kumweleza mwingine kile walichokifanya kwa mazoea. Kiraly alikuwa amejifunza mchezo kwa kuuchambua, na hilo lilimfaa.

Mwaka 2014, Milan, timu yake iliifunga China na kuipa Marekani ubingwa wa dunia wa wanawake kwa mara ya kwanza. Rio 2016 ilipata shaba baada ya kupoteza nusu fainali dhidi ya Serbia kwa seti ya tano. Ilishinda Ligi ya Mataifa mara tatu za kwanza zilipofanyika, 2018, 2019 na 2021. Kenya nayo iliionja timu hiyo: Malkia Strikers walikutana nayo Japani katika Kombe la Dunia la 2015 na la 2019, na mara zote mbili Marekani ilishinda.

Tokyo ikawa kilele. Timu ya wanawake ya Marekani ilikuwa imepoteza fainali tatu za Olimpiki, 1984, 2008 na 2012. Wakati huu, nahodha akiwa Jordan Larson, iliifunga Brazil 25–21, 25–20, 25–14. Kwa ushindi huo Kiraly aliungana na Lang Ping wa China, aliyepata dhahabu akiwa mchezaji mwaka 1984 na akiwa kocha 2016. Paris 2024 timu ilifika fainali tena, ikafungwa na Italia seti 3–0. Baada ya hapo alihamishiwa timu ya wanaume, aiandae kwa michezo ya 2028.

Nafasi yake katika historia

Karne ya ishirini ilipofungwa, FIVB iliwatangaza Kiraly na Mwitalia Lorenzo Bernardi kuwa wachezaji bora wa kiume wa karne. Mwaka 2001 aliingizwa katika Jumba la Heshima la mpira wa wavu lililoko Holyoke. Kugawana tuzo na Bernardi kuna mantiki yake: Bernardi alikuwa bingwa wa dunia 1990 na 1994, mhimili wa Italia iliyotawala muongo mzima. Lakini dhahabu ya Olimpiki Bernardi hakuipata, na ufukweni hakuwa na makuu. Ukipimwa ukumbi peke yake, mjadala ni halali, na Waitalia wana haki ya kuuendeleza. Ukiongezwa mchanga, unakwisha: hadi kumalizika kwa michezo ya Paris 2024, Kiraly ndiye mchezaji pekee, mwanamume au mwanamke, aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki ukumbini na ufukweni.