Bi Hawa alishindwa, wenzake wakapata

Ndoa ya Bi Hawa Mohamed na Ally Seif ilivunjwa mwaka 1980 na Mahakama ya Mwanzo jijini Dar es Salaam. Bi Hawa alipodai sehemu ya mali, aliambiwa hana chake: yeye alikuwa mke tu, na nyumba ilinunuliwa kwa fedha za mume. Mahakama Kuu nayo ikamgomea. Hakukubali, akapanda hadi Mahakama ya Rufani.

Sheria aliyoitegemea ilikuwa bado changa. Kabla ya Mei 1, 1971, alichoondoka nacho mtalaka kilitegemea ndoa ilifungwa wapi: msikitini, kanisani, bomani au kimila. Mwislamu alikuwa na mahari yake, mali yake mwenyewe na pengine kitoka nyumba, yaani zawadi ya kuagwa mke aliyeachwa. Wengi walioolewa kimila walirudi kwao mikono mitupu. Sheria ya Ndoa ya 1971 ikaziweka ndoa zote za Tanzania Bara chini ya utaratibu mmoja, na kifungu cha 114 kikaipa mahakama uwezo wa kugawa mali waliyochuma wanandoa kwa juhudi zao za pamoja. Hakimu aangalie mila za wahusika, mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni waliyoingia kwa faida ya wote, na mahitaji ya watoto. Akishapima hayo, aelekee kwenye usawa.

Sasa, kupika, kufua na kulea ni mchango? Majaji wa Mahakama Kuu hawakuafikiana. Wengine walisema hayo ni majukumu ya mke, hayanunui tofali. Wengine wakasema mume asingepata nafasi ya kuchuma kama nyumbani kusingekuwa na mtu.

Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilijiuliza Bunge lilikusudia kuponya ubaya gani. Jibu lake lilikuwa kali: unyonyaji na uonevu wa wanaume kwa wake zao. Kwa hiyo kazi za nyumbani zihesabiwe.

Hata hivyo, Bi Hawa hakupata kitu. Mahakama iliona kwamba mumewe alimpa fedha aanzishe mradi wa familia, naye akazitapanya. Mchango wake wote ukaliwa na hasara hiyo. Binafsi naona hesabu hiyo ilikuwa ngumu mno, maana miaka ya jiko na malezi haikurudi nyuma kwa sababu biashara haikusimama. Lakini jina lake limebaki. Tangu hapo, kesi nyingi za mgawanyo wa mali Tanzania Bara humtaja.

Kenya ilichelewa. Iliendelea kutumia sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 kuhusu mali za wanawake walioolewa, na mwaka 2007 Mahakama ya Rufani ya huko, katika kesi ya Echaria, ilikataa kuihesabu kazi ya nyumbani peke yake kuwa mchango. Katiba ya 2010 na Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 ndizo zilizogeuza mambo: kulea watoto, kazi za nyumbani na kulima shamba la familia vikatajwa waziwazi. Januari 2023 Mahakama ya Juu ikaongeza kwamba usawa wa wanandoa si lazima uwe nusu kwa nusu.

Tanzania nayo haina asilimia iliyoandikwa. Mwaka 2020, katika kesi ya Gabriel Kurwijila na Theresia Malongo, Mahakama ya Rufani ilisisitiza kwamba kiwango cha mchango lazima kithibitishwe. Hapo ndipo wanawake wengi wanapokwama. Hati ya kiwanja ina jina la mume, risiti za saruji na mabati zina jina la mume. Aliyechota maji ya kufyatulia tofali na kuwapikia mafundi hakuandikiwa risiti na mtu, kwa hiyo humwita jirani aje kusimulia alichokiona.