Sumbawanga Iko Mbali na Wapi?

Kutoka Sumbawanga, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa, hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Kasesya, mpakani na Zambia, hufikiwa kwa safari ya asubuhi moja. Ukitaka kuielewa biashara ya mahindi Tanzania, anza na umbali huo, kisha uulize nani amekuwa akiulipia.

Wafipa wa Rukwa waliishi kwa ulezi na maharage, wakilima kwa matuta yao ya ntumba. Mahindi waliyafahamu, lakini kilichoyageuza kuwa zao la biashara ni njaa ya mahali pengine. Ukame wa 1973 na 1974 ulikuja wakati mamilioni ya watu wakihamishiwa vijijini, na Serikali ikatumia fedha nyingi za kigeni kununua nafaka nje. Likaja agizo la Kilimo cha Kufa na Kupona. Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC, lililoanzishwa mwaka 1968, likakabidhiwa pia kazi ya kununua nafaka kwa wakulima, na bei ikawa moja nchi nzima. Mkulima wa Rukwa akalipwa sawa na wa Morogoro, utadhani wote wanaishi kando ya reli.

Uamuzi huo ulibadilisha ramani. Ukichangiwa na mbolea ya ruzuku na mbegu bora, uliifanya Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa kuwa ghala la taifa. Nauli ya malori ililipwa na NMC, nayo ikalipa kwa mikopo ya benki isiyorudishwa. Wakati huohuo wakulima wa kaskazini, waliokuwa karibu na Kenya, waliiona bei ya shirika kuwa ndogo na mahindi yao yakavuka kwa magendo. Shirika likabaki na mzigo wa mbali, wenye gharama kubwa kuliko wote, huku likiuza sembe kwa ruzuku madukani Dar es Salaam. Hesabu za namna hiyo hazikuweza kudumu.

Mwaka 1984 ruzuku ya sembe iliondolewa, na mtu akaruhusiwa kusafirisha hadi kilo 500 za nafaka bila kibali. Mwaka 1987 vizuizi vya usafirishaji wa ndani vikaondoshwa. Wafanyabiashara binafsi walijitokeza upesi, wakajaza masoko ya Tandale na Manzese, Dar es Salaam, kwa magunia, na baadaye Kibaigwa, kando ya barabara kuu ya Dodoma, ikawa soko kubwa la nafaka. Walaji wa mjini walinufaika. Rukwa na Ruvuma zililipa: bei ya shambani sasa ilibeba nauli yote ya lori, na ruzuku ya mbolea nayo ikafutwa. Watu walioambiwa walishe taifa waliachwa na mahindi ambayo hakuna aliyeyafuata kwa bei ya kurudisha hata gharama ya mbolea.

Tumaini lao lilikuwa mpaka. Kenya hupungukiwa na mahindi karibu kila mwaka, na malori yake huingia Tanzania kutafuta mzigo. Lakini kila hofu ya njaa ilipopanda Dar es Salaam, mpaka ulifungwa. Ulifungwa mwaka 2011. Ukafungwa tena Juni 2017, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipotangaza kwamba anayetaka kuuza nje auze unga. Msimu uliofuata bei ziliporomoka Nyanda za Juu Kusini. Marufuku hizi zilimwangukia asiye na ghala, anayelazimika kuuza mara tu baada ya kuvuna ili alipe ada ya shule. Mwenye ghala na mtaji alinunua kwa bei ya kutupa akasubiri, na njia za panya hazikukosa wapitaji. Kumpa mlaji wa mjini unafuu kutoka mfukoni mwa mkulima huyo ni dhuluma.

Pigo la tarehe 5 Machi 2021 lilitoka upande wa pili. Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka isiyokauka vizuri, na malori yakakwama mpakani Namanga. Siku chache baadaye zuio likaondolewa kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, na mzigo uwe na cheti kuonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 katika bilioni. Tangu hapo, turubai la kuanikia na kipimo cha unyevu vimekuwa sehemu ya biashara kama mizani.

Kisha mvua zikaikosa Zambia. Mwishoni mwa Februari 2024 nchi hiyo ilitangaza ukame kuwa janga la taifa, na katikati ya mwaka Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ukakubaliana kuiuzia tani 650,000 za mahindi. Kwa mkulima wa Rukwa, aliyezoea kuambiwa yuko mbali na soko, safari hii mnunuzi mkubwa alikuwa jirani yake wa kusini.