Hazina ya Wajerumani: ukweli na uvumi

Zaidi ya miaka mia moja baada ya Ujerumani kupoteza koloni lake la Afrika Mashariki, bado wapo watu wanaochimba ardhi ya Tanzania wakitafuta dhahabu inayodaiwa kufukiwa na maafisa wa utawala huo. Baadhi yao hutumia vifaa vya kutambua metali. Mara nyingi wanachokipata ni sarafu za shaba, maganda ya risasi na vifungo vya sare za askari.

Pesa, hela na rupia

Sarafu za kwanza za Kijerumani zilitolewa mwaka 1890 na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Zilikuwa pesa za shaba na rupia za fedha zenye sura ya Mfalme Wilhelm wa Pili aliyevaa kofia ya chuma. Pesa 64 zilifanya rupia moja.

Mwaka 1904 serikali ya koloni ilianzisha mfumo mpya, ambapo heller 100 zilikuwa sawa na rupia moja. Ndiko lilikotoka neno "hela", ambalo limedumu hadi leo ingawa sarafu yenyewe ilitoweka. Hela ndogo za shaba zilitengenezwa kwa wingi sana, hivyo wakusanyaji wa sarafu hununua nyingi kati yake kwa dola chache tu.

Dhahabu ya Tabora

Sarafu inayochochea ndoto za wengi ni ile ya rupia 15. Ilitengenezwa mwaka 1916 katika karakana ya reli mjini Tabora, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Upande mmoja ina tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima, na upande wa pili tai wa Ujerumani. Zilitengenezwa zaidi ya 16,000, na kila moja leo huuzwa kwa maelfu ya dola.

Lakini sababu ya kuundwa kwake inapingana na simulizi za masanduku ya dhahabu yaliyofichwa kila mahali. Manowari za Uingereza zilikuwa zimeifunga pwani, na fedha kutoka Ujerumani hazikufika. Serikali ilichapisha noti za dharura, na huko huko Tabora ikageuza hata maganda ya risasi na ya mizinga kuwa sarafu za hela tano na hela 20. Majeshi ya Wabelgiji yaliuteka mji huo Septemba 1916. Utawala uliofikia hatua ya kuyeyusha maganda ya risasi haukuwa na dhahabu nyingi ya kufukia.

Mabaki ya vita

Kilichobaki kwa wingi ni mabaki ya Vita Kuu ya Kwanza. Mapigano yalifanyika Tanga Novemba 1914, katika kilima cha Salaita karibu na Taveta nchini Kenya Februari 1916, na Mahiwa, mkoani Lindi, Oktoba 1917.

Manowari ya Kijerumani Königsberg ilizamishwa na mabaharia wake wenyewe katika delta ya Rufiji Julai 1915. Mizinga yake 10 iliopolewa na kutumika nchi kavu. Mmoja unaonekana hadi leo katika Ngome ya Yesu, Mombasa.

Uwezo wa vifaa

Kifaa cha kutambua metali hupeleka mawimbi ya sumaku ardhini kupitia koili yake, na metali iliyo karibu huyajibu. Vifaa vya kawaida huweza kugundua sarafu iliyo sentimita 20 hadi 30 chini ya ardhi. Udongo mwekundu wenye chuma kingi, uliotapakaa Afrika Mashariki, hukichanganya kifaa na kutoa ishara za uongo. Anayeuza chombo kwa madai kwamba kinaona sarafu ya dhahabu iliyo makumi ya mita chini ya ardhi, anauza uongo.

Hatari

Kifaa hakimwambii mtumiaji kama kilicho chini ni sarafu au ni kombora. Baruti ya zamani haipotezi nguvu kwa sababu ya umri, na kutu huweza kuifanya iwe rahisi zaidi kulipuka. Anayekuta kitu kinachofanana na bomu hapaswi kukigusa wala kukisogeza. Aweke alama kwa mbali, awazuie watu kukikaribia, kisha aite polisi.

Sheria

Nchini Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimba mabaki ya kale bila kibali. Kwa kawaida huhesabu kuwa ya kale vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, lakini waziri anaweza kuvilinda vingine kwa tangazo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 imeweka mpaka wake katika mwaka 1895.

Huko England na Wales, ambako watu wengi hutafuta vitu vya kale kama burudani, anayepata hazina hulazimika kutoa taarifa ndani ya siku 14. Mpango wa hiari ulioanza mwaka 1997 umeandikisha zaidi ya vitu milioni moja, pamoja na mahali vilipopatikana.

Kinachopotea

Mahali ndipo penye thamani. Kifungo kilichouzwa sokoni ni kipande cha shaba tu. Kikiachwa kilipolala na kuandikwa, chaweza kuonyesha ilipokuwa kambi, njia ya msafara au kaburi.

Jambo hilo lina uzito kwa sababu ya wapagazi. Uingereza iliwachukua Waafrika wapatao milioni moja, wengi kwa nguvu, kubeba mizigo ya jeshi. Wasiopungua 95,000 walikufa, hasa kwa maradhi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na kikosi hicho cha wapagazi. Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba wengi wao hawakuwekewa kumbukumbu ya majina. Watu hao hawakuandikwa katika orodha wala kuwekewa mawe ya makaburi. Anayechimbua njia zao usiku akitafuta dhahabu anaweza kuwa anafuta alama ya mwisho waliyoiacha.