Kutoka Sokoni na Barazani: Maisha ya Kila Siku katika Tungo za Muyaka na Nyimbo za Siti binti Saad

Aghalabu historia ya ushairi wa Kiswahili huanzia kwenye tendi za dini na za mashujaa. Utaratibu huo una haki yake, lakini huacha nyuma swali zito: mambo ya kawaida ya watu wa kawaida yaliingiaje katika sanaa, na yalipoingia yalifanya kazi gani?

Jibu la kwanza hupatikana Mombasa. Muyaka bin Haji, aliyeishi takriban kati ya mwaka 1776 na 1840, alitunga juu ya mapenzi, ukata, biashara, na uhasama wa Mazrui na Seyyid Said. Wataalamu husema kwamba aliutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Kauli hiyo ni tamu, ila yahitaji tahadhari, kwani soko halikukosa nyimbo kabla yake. Alichokifanya Muyaka ni kulipa tukio la siku moja umbo la shairi ambalo kumbukumbu iliweza kulibeba. Ndiyo maana tungo zake zilidumu vinywani mwa watu hata Mwalimu Sikujua alipozikusanya, miongo kadhaa baada ya kifo cha mtunzi.

Jibu la pili latoka Unguja. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba katika ukoo wa watumwa, aliuza vyungu kabla ya kuingia mjini na kuwa mwimbaji. Taarabu ya kasri la Sultani ilikuwa imezoea Kiarabu. Siti aliiimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 sauti yake ilirekodiwa Bombay katika sahani za santuri. Wimbo wake wa Kijiti wasimulia mauaji ya mwanamke mgeni. Kwa mujibu wa wimbo huo, muuaji alitorokea bara, ilhali wanawake waliotoa ushahidi ndio walioadhibiwa.

Hapa ndipo uzito wa suala unapodhihirika. Wimbo si jalada la kesi, wala mtafiti hapaswi kuusoma kama nakala ya yaliyotokea. Msanii huchagua: hutaja hili, hunyamazia lile, hupanga maneno yafuate vina na ala. Lakini katika uchaguzi huo mna hukumu. Jalada la mahakama huhifadhi uamuzi wa hakimu. Wimbo huhifadhi uamuzi wa jamii juu ya hakimu mwenyewe. Watu wa Ng'ambo, ambao wengi wao hawakuwa na kalamu wala nafasi katika baraza za utawala, waliipata nafasi hiyo katika wimbo.

Kwa hiyo, maisha ya kila siku si malighafi duni inayongoja kutukuzwa na sanaa. Ni mahali ambapo haki hudaiwa, na mtunzi ni yule anayehakikisha kuwa dai hilo halisahauliki.