Omukoonezi na Gitaa la Besi

Besi ikipotea katika ukumbi mkubwa wa Kampala, dawa inayokimbiliwa ni kuongeza: wati ziongezwe, kitufe cha besi kwenye amplifaya kizungushwe hadi mwisho, spika kubwa zaidi zikodiwe. Mara nyingi matokeo yake ni ngurumo inayotikisa viti huku noti zenyewe hazitambuliki. Mji huu ulikuwa na jibu lililo bora kuliko hilo, na lilikuwapo katika ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, pale Mengo kabla ya gitaa la umeme kubuniwa. Wanamuziki wa Buganda walijua kwamba noti nzito husikika vizuri inapopewa mwenzake wa juu wa kuibeba.

Ushahidi ni amadinda, marimba yenye mbao 12 zinazolazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba. Hupigwa na watu watatu. Wawili hukaa wakitazamana, na kila mmoja huingiza noti zake katika nafasi zilizoachwa na mwenzake, kwa kasi ambayo mgeni hawezi kujua nani amepiga nini. Wa tatu, omukoonezi, ana mbao mbili tu, zile fupi za mwisho upande wa juu. Kazi yake ni kuzifuata mbao mbili ndefu kuliko zote, zilizo upande wa chini kabisa, na kila zinapolia huzirudia oktava mbili juu. Bila yeye, noti hizo za chini zingezama katika msongamano wa nyingine. Yeye huzichomoa, na msikilizaji hupata wimbo ambao hakuna hata mmoja wa wale wawili aliyeupiga peke yake.

Sababu iko sikioni. Uzi mnene wa gitaa la besi hutikisika mara 41 hivi kwa sekunde, lakini papo hapo hutoa pia mitikisiko ya 82, ya 123 na mingine ya juu zaidi. Sikio letu ni zito kwa sauti za chini sana, ila likizipata hizo za juu hujijengea lenyewe noti ya msingi. Simu ya mezani ilikata karibu kila kitu kilicho chini ya mitikisiko 300, na bado mzee aliyepiga simu alisikika mzee, hakusikika mtoto.

Mtu atasema kwamba ua wa ikulu si ukumbi wenye kuta za zege na paa la bati. Kweli, na tofauti hiyo inaipa hoja hii nguvu zaidi. Wimbi la mitikisiko 41 lina urefu wa mita 8 na zaidi. Likigonga ukuta na kurudi, hujiongeza mahali fulani na kujifuta mahali pengine, kiasi kwamba aliye karibu na mlango na aliye katikati hawasikii besi moja. Ukiongeza nguvu, unaongeza kasoro hiyohiyo. Mwingine atataja Ampeg SVT ya mwaka 1969, amplifaya ya wati 300 iliyotengenezwa kwa ajili ya majukwaa makubwa. Nguvu inahitajika, sikatai. Hata Wasoga huchimba shimo chini ya embaire, marimba yao makubwa, ili ardhi izipe mbao nzito mwili. Lakini kabati la SVT lina spika 8 za inchi 10 tu kila moja, na toleo lake la siku hizi huanza kudhoofika chini ya mitikisiko kama 58, yaani juu ya noti ya chini kabisa ya gitaa lenyewe. Sifa yake imejengwa na sauti za kati. Isitoshe, kuongeza wati mara mbili hakuongezi ukubwa wa sauti mara mbili. Kwa hilo unahitaji karibu mara kumi.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba omukoonezi hakuwekwa kwa ajili ya besi, maana mapigo yake huwakumbusha wasikilizaji maneno ya wimbo. Ni kweli hufanya hivyo. Hata hivyo wangeweza kumpa noti za katikati azifuate, ambazo zingetoa wimbo vilevile. Walichagua mbili za chini kabisa, na uchaguzi huo unajieleza.

Kwa nini basi ujuzi huu haukuwafikia wapiga besi? Naona jibu katika tarehe. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la Milton Obote, likiongozwa na Idi Amin, lilishambulia Lubiri, yaani ikulu hiyo ya Mengo. Kabaka Mutesa II akaenda uhamishoni, mwaka uliofuata falme zikafutwa, na wapigaji wa ikulu wakatawanyika. Katika miaka hiyohiyo magitaa ya umeme yalikuwa yakizishika kumbi za mji kupitia bendi kama The Cranes, ambayo baadhi ya wanamuziki wake walianzisha Afrigo mwaka 1975. Kizazi kilichohitaji kujifunza na kizazi kilichojua kilitenganishwa. Ujuzi haukufa wote: Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa ikulu, alikuwa ameshaufundisha katika Makumbusho ya Uganda na kwa watafiti kama Gerhard Kubik. Na katika miaka ya 2010 James Isabirye wa Chuo Kikuu cha Kyambogo aliwakusanya vijana wajifunze entenga, zile ngoma 15 za Kabaka ambazo 12 kati yake hupangwa sauti kama mbao za amadinda, kwa Musisi Mukalazi aliyezipiga ikuluni kabla ya shambulio. Darasa la namna hiyo likimpokea na mpiga besi wa bendi ya ukumbini, atakuta mpangilio anaoweza kuupeleka kazini jioni ileile: mpiga kinanda au gitaa la pili airudie mistari yake ya chini oktava mbili juu, kwa sauti ndogo, na kitufe cha besi kirudishwe katikati.