Kevan Herold: Daktari anayeuwahi ugonjwa wa kisukari kabla ya dalili

Kevan Herold ni daktari na profesa wa taaluma ya kinga katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Kwa miaka mingi amechunguza kisukari aina ya kwanza, ambapo kinga ya mwili huangamiza chembechembe za kongosho zinazotengeneza insulini.

Maangamizi hayo huanza miezi au hata miaka kabla ya mgonjwa kupata kiu kali, kukojoa mara kwa mara na kukonda. Wengine hugunduliwa wakiwa tayari mahututi. Hata hivyo, kingamwili zinazoulenga mwili wenyewe huweza kuonekana mapema kwenye damu.

Utafiti aliouongoza, uliochapishwa mwaka wa 2019, uliwahusisha jamaa 76 wa wagonjwa, wote wakiwa katika hatari kubwa ya kuugua. Waliotiwa dawa ya teplizumab mshipani kwa siku 14 walicheleweshewa ugonjwa kwa takriban miaka miwili kuliko wenzao ambao hawakuipata. Novemba 2022, Marekani iliiidhinisha kwa walio na umri wa miaka minane na zaidi.

Teplizumab haiponyi, anayeugua bado huhitaji insulini kila siku. Lakini kwa mtoto, miaka miwili bila sindano si haba.