Ufufuaji wa kompyuta kuukuu za mezani

Kazi ya kurudishia uhai kompyuta za zamani na, pengine, kuongeza kasi ya prosesa kupita kiwango cha kiwandani. Nchini Kenya ukarabati huu hufanywa, kwa mfano, na Computers for Schools Kenya, shirika la Nairobi lililoanzishwa mwaka 2002, ambalo hukarabati mashine zilizotumika na kuzipeleka shuleni.

Fundi wa Ekero, karibu na Mumias, au wa mji wowote nchini, aanze na pawasapulai, yaani kifaa kinachoipa mashine umeme. Mashine nyingi kuukuu za Marekani zina swichi nyekundu ya kuchagua volti nyuma yake. Ikiachwa kwenye volti 115, umeme wa Kenya wa volti 240 huunguza pawasapulai papo hapo. Kisha fundi hupangusa vumbi, hubadilisha betri ya CR2032 na kukagua kapasita zilizovimba, ugonjwa mkuu wa bodi za miaka ya 2000.

Mfano bora wa kuongeza kasi ni Intel Celeron 300A ya 1998: kasi ya basi ya mfumo (FSB) ikipandishwa kutoka MHz 66 hadi 100, prosesa hutoka MHz 300 hadi 450. Joto nalo hupanda, hivyo feni nzuri na pasta mpya ya kupitisha joto ni lazima.